Ukipokea Kodi ya Mtu, Umekuwa Mwenye Nyumba Wake

Hotuba kwa kikao cha wapangaji, Tudor, Mombasa. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, vijana, hamjambo nyote.

Naomba nianze na swali, na mnijibu kwa kunyoosha mkono tu. Ni wangapi humu wanaishi katika chumba ambacho kodi yake hawampi mwenye nyumba, wanampa mpangaji mwenzao? Naiona mikono. Ahsanteni, ishusheni. Na ni wangapi wanaoipokea kodi hiyo? Mikono imepungua. Wanaolipa wamejitokeza, wanaolipwa wanatazamana. Msiogope. Sikuja kumwaibisha mtu. Jambo hili tunalifanya wengi, tunalifanya kwa siri, na madhara yake karibu yote yanatokana na hiyo siri.

Lenyewe si geni hapa kwetu. Mji huu umelelewa na chumba kimoja kimoja. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo mnaijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, uani jiko na choo. Mwenyewe anakaa chumba cha mbele, na vilivyobaki amekaa kibarua wa bandarini, mwalimu, muuza samaki. Na mara ngapi huyo mwenyewe ardhi si yake? Ana kuta na paa, ardhi anailipia kodi kwa mwenye shamba. Nyumba bila ardhi, Majengo mnaifahamu, Kisauni mnaifahamu. Kwa hiyo kodi juu ya kodi tumezaliwa tukaikuta.

Lakini siku hizi tunapanga fleti. Mtu anachukua vyumba viwili vya kulala Mikindani, Bamburi, hapa Tudor. Kodi inapanda, kipato kimesimama pale pale. Binti ameolewa, chumba chake kimebaki na masanduku. Na nje kuna wanafunzi wa chuo kikuu hapo juu, kuna wauguzi wa hospitali kuu ya Makadara, kuna vijana waliokuja kujifunza kazi bandarini. Hawa hawataki nyumba nzima, wanataka chumba. Wewe una chumba, yeye ana haja. Nani atasema ni kosa? Mimi sisemi. Ninalosema ni hili, na nitalirudia mpaka tutoke humu: ukipokea kodi ya mtu, umekuwa mwenye nyumba wake. Yale yote unayomlalamikia mwenye nyumba wako, kwamba bomba halitengenezi, risiti haandiki, dipoziti harudishi, tangu siku hiyo kuna mtu ana haki ya kukulalamikia wewe.

Sasa sikilizeni. Mimi kazi yangu ni kukusanya kodi za nyumba za watu na kuwaandikia mikataba. Nimeitwa kwenye ugomvi mwingi wa aina hii, na ugomvi mwingi huanzia mahali pamoja: mwenye nyumba hakuambiwa.

Kulikuwa na mama mmoja Mikindani, simtaji jina. Fleti ya kodi ya shilingi 18,000. Akampa chumba msichana anayesomea uuguzi, shilingi 8,000 kwa mwezi, na dipoziti nyingine 8,000. Mlinzi wa ploti akiuliza, jibu lilikuwa tayari: ni mpwa wangu huyu. Miezi ikaenda, watu wakazoeana, wanakula sahani moja. Kisha mama mambo yakamwendea mrama, kodi ikalala miezi miwili. Mwenye nyumba akaja mwenyewe bila kupiga simu, akamkuta msichana jikoni anakaanga. Akamuuliza, wewe ni nani? Msichana, kwa usafi wa moyo wake, akajibu: mimi ni mpangaji.

Nilipofika nilimkuta kwenye ngazi, ghorofa ya pili. Amekalia godoro lililokunjwa na kufungwa kamba ya manila, mtungi wa gesi wa kilo sita uko miguuni, begi la vitabu begani. Ameshika simu anamwonyesha mwenye nyumba ujumbe wa M-Pesa mmoja mmoja kwa kidole: huu wa Machi, huu wa Aprili, huu wa Mei. Na mwenye nyumba akamjibu polepole, bila kupandisha sauti: "Mwanangu, pesa hizi hukunipa mimi."

Nani mwongo hapo? Hakuna. Msichana alilipa kweli. Mwenye nyumba hakulipwa kweli. Aliyesimama katikati yao alikuwa ndani amejifungia, simu hapokei. Na mzigo wote wa siri yake ulimwangukia mtoto wa watu aliyekuwa na mtihani wiki ile.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mpangaji asimpangishie mtu mwingine nyumba, wala sehemu yake, bila idhini ya mwenye nyumba iliyotolewa mapema na kwa maandishi. Kwa maandishi. Lakini sheria hiyo hiyo inaendelea, na hapa ndipo wengi hamjawahi kusomewa: mwenye nyumba naye asiinyime idhini hiyo pasipo sababu ya maana. Yaani mlango upo wa kubisha. Kwa nini upite dirishani? Na wale wa nyumba za kodi ya chini, zile ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, nyinyi mna sheria yenu ya kudhibiti kodi inayowalinda msifukuzwe ovyo. Ulinzi huo ni mkubwa. Lakini moja ya sababu zinazoweza kumfanya mwenye nyumba arudishiwe nyumba yake ni hii hii: mpangaji amepangisha bila idhini ya maandishi. Unaitupa kinga yako mwenyewe kwa kuogopa kuuliza swali moja.

Wapo watakaosema, mimi niliuliza, akaniambia sawa. Sawa ya mdomo? Haya, nawapa kisa kingine.

Mjane mmoja alipanga nyumba ya mzee aliyekuwa akiishi Malindi. Alipotaka kuweka mtu katika chumba cha nyuma, alimpigia mzee, mzee akasema hakuna neno, mama, nawe una watoto. Mjane yule, Mungu amzidishie, hakutosheka na simu. Aliandika karatasi moja kwa mkono: mimi fulani, mpangaji wa nyumba fulani, nimeruhusiwa kumpangishia mtu mmoja chumba cha nyuma, kodi ya nyumba yote nitaendelea kuilipa mimi. Akaipeleka kwa basi, mzee akatia sahihi na nambari ya kitambulisho, ikarudi. Mwaka haukuisha, mzee akafariki. Mnajua kinachofuata matanga Mombasa. Warithi walikuja na daftari mpya na kauli mpya: kila mtu atoke, nyumba inauzwa, na hao waliojazana humo ndani hatuwatambui. Mjane akaingia chumbani, akatoka na karatasi yake ndani ya mfuko wa plastiki. Mtoto mkubwa aliiangalia sahihi ya baba yake kwa muda mrefu, kisha akawaambia nduguze wakae chini wazungumze. Nyumba iliuzwa, ndiyo, lakini mjane na mpangaji wake walipewa notisi ya kutosha na dipoziti zao zikarudi. Wangekuwa na ruhusa ya simu tu wangeithibitisha kwa nani? Maneno ya mdomo huzikwa na mwenyewe.

Na hili la kuandikiana mbona tunalionea haya? Mtu anasema, nikimwambia tuandikiane ataona simwamini. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, iliyo katika Suratul Baqara, inazungumzia nini? Inazungumzia kuandikiana deni, na mwandishi, na mashahidi. Nanyi ndugu zangu mnaosoma Biblia, Yeremia aliponunua shamba la binamu yake alifanya nini? Aliandika hati, akaitia muhuri, akaweka mashahidi, na yeye na binamu yake walikuwa jamaa wa damu moja. Wazee wetu wakasema mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa sisi ni nani hata tujione tumeaminiana kuliko hao?

Andikeni basi. Karatasi ya kwanza ni idhini ya mwenye nyumba. Ya pili ni kati yako na huyo unayempa chumba: chumba kipi, kodi ngapi, inalipwa tarehe ngapi, dipoziti ngapi na itarudi lini, stima na maji nani analipa kiasi gani, notisi ya muda gani. Kila upande ubaki na nakala, na nakala za vitambulisho ziambatanishwe. Mwambie pia mzee wa mtaa au wa Nyumba Kumi kwamba una mtu mpya, ili siku ya siku asiitwe mgeni asiyejulikana.

Nije kwenye pesa, maana najua ndizo zilizowaleta.

Wengi mnapiga hesabu hivi: kodi ya nyumba ni 20,000, chumba natoa 9,000, kwa hiyo mimi nalipa 11,000 tu. Hesabu hiyo ina mashimo. Tuseme mpangaji wako ni mwanafunzi. Likizo ndefu anakwenda kwao, na akiondoka kabisa chumba kinakaa kitupu kabla hujapata mwingine. Mimi hupigia hesabu miezi kumi kwa mwaka, si kumi na miwili. Miezi kumi mara 9,000 ni 90,000. Sasa toa stima ya ziada, tuseme 800 kwa mwezi. Toa maji, na maji ya mji huu mnayajua, bomba likikauka ni mitungi ya mkokoteni, tuseme 700 kwa mwezi. Hizo mbili kwa miezi kumi ni 15,000. Toa fungu lako la gari la kunyonya maji taka, kwa sababu shimo linalotumiwa na watu wanne halijai sawa na la watu wawili, tuseme 3,000 kwa mwaka. Toa rangi, kitasa, balbu, bomba la kuoga, 4,000. Umebaki na 68,000. Gawanya kwa miezi kumi na miwili: 5,600 na kitu kidogo. Si pesa mbaya. Ni karo, ni nauli ya mwezi. Lakini si 9,000. Na mtu aliyepanga maisha yake juu ya 9,000 ndiye anayeshindwa kodi mwezi wa tatu, na akishindwa yeye, anayetolewa vitu nje ni yule aliyelipa.

Kuhusu stima kuna jambo ningependa mlielewe vizuri, kwa sababu limevunja undugu mwingi. Tangu Aprili 2023 bei ya stima ya nyumbani iko kwa madaraja matatu. Anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi yuko daraja la chini, wa kutoka hapo hadi 100 ni daraja la kati, anayepita 100 yuko juu. Familia ndogo yenye balbu, televisheni na kuchaji simu ikijibana hukaa chini. Mkiwa kaya mbili kwenye mita moja, matumizi yanajumlishwa, mnapandishwa daraja wote, na kila uniti inakuwa ghali kwa wote. Ndipo mwenye mita anaanza kumshuku mwenzake: huyu ana heta ya kuchemshia maji, huyu anapiga pasi usiku. Nimeamua ugomvi wa watu wawili waliofikia kuandikiana kwenye mlango wa friji nani amefungua mara ngapi. Kumbe aliyewaibia ni daraja. Mita ndogo ya ndani inauzwa madukani, fundi anaifunga kwa saa moja, kila mtu anaona matumizi yake. Ikikushinda, kubalianeni kiasi maalumu kila mwezi na mkiandike.

Na dipoziti! Akina mama, nawaomba. Dipoziti si mapato. Dipoziti ni amana. Pesa ya mtu imelala kwako, haijawa yako. Unapoinunulia sofa, siku mpangaji anapoondoka unaanza kutafuta makosa: ukuta umechafuka, kioo kina ufa. Si kwamba kioo kina ufa, ni kwamba pesa huna. Iweke mbali na mkono wako, kwenye akiba iliyofungwa ya simu, kwenye chama, kwa mtu mnayemwamini nyote wawili, lakini isikae kwenye pochi inayokwenda sokoni.

Kuhusu ushuru nitasema kwa ufupi. Mapato ya kodi ya nyumba za kuishi yakifika shilingi 288,000 kwa mwaka, yaani 24,000 kwa mwezi, mpaka milioni 15, yana ushuru wake wa kila mwezi wa asilimia 7.5. Ulikuwa asilimia 10 mpaka mwisho wa 2023. Mwenye chumba kimoja cha 9,000 hafiki huko. Mwenye vyumba vingi aende KRA, mamlaka ya ushuru, mwenyewe aulize, asisubiri kuulizwa.

Na nikisema vyumba vingi, kuna biashara moja sitaificha chuki yangu nayo. Mtu anachukua nyumba nzima, tuseme Kisauni, kodi 25,000. Anaita seremala, anakata sebule kwa plaiwudi mara mbili, kila chumba mara mbili, dirisha moja linagawanywa na ukuta katikati. Anapata vyumba vinane, kila kimoja 5,000. Anakusanya 40,000, analipa 25,000, anakula 15,000 bila jasho. Watu wanane, choo kimoja, plaiwudi mpaka darini na waya za stima zimepita juu yake, kila mtu anapika ndani. Je, moto ukianza chumba cha mbele, wa nyuma atatokea wapi?

Kijana mmoja aliyefanya hivyo alipata kazi Ghuba. Akakusanya kodi ya mwezi kama kawaida, akaomba na ya mwezi unaofuata mapema, akasema ana shida ya mgonjwa. Wakampa, ndiyo utu wetu. Usiku ule alikuwa uwanja wa ndege. Kumbe mwenye nyumba hakuwa amelipwa kwa muda, na siku dalali wa mnada alipokuja na lori, vitu vilianza kubebwa vyote pamoja, vitanda, majiko, masufuria. Watu wanalia, haya ni yangu, hata mkataba sina naye huyo! Mama mmoja aliokoa friji lake kwa sababu alikuwa na risiti ya dukani yenye jina lake. Kijana wa cherehani cherehani yake ikapakiwa, na cherehani ndiyo riziki yake yote.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kuchukua chumba kwa mpangaji mwenzako, nasema nawe. Muulize: mwenye nyumba anajua? Nionyeshe. Kodi yako wewe imelipwa? Nionyeshe risiti ya mwezi uliopita. Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu. Tunza risiti za vitu vyako vikubwa. Lipa kwa M-Pesa, au ukilipa taslimu uandikiwe siku hiyo hiyo, si kesho.

Wale mnaochukua wageni wa siku mbili tatu, wa Desemba na Pasaka, hiyo ni kazi nyingine yenye leseni zake za utalii, na mwenye nyumba aliyekubali muuguzi mmoja hajakubali sura mpya kila wikendi. Muulizeni upya.

Limebaki la kuachana. Mpangaji wako amekuchosha, au unataka chumba chako mwanao amerudi. Mpe notisi ya maandishi kama mlivyokubaliana. Usibadilishe kufuli akiwa kazini. Usikate stima. Usimtolee nguo uani. Ulipofanyiwa wewe ulikwenda kwa chifu ukilia, sasa iweje umfanyie mwenzako? Na ukihama wewe kwanza, mwambie mapema, kwa sababu idhini ilikuwa yako. Ukiondoka, kukaa kwake pale kunahitaji makubaliano mapya kati yake na mwenye nyumba. Wakutanishe kabla hujapakia vitu. Mmoja nilimwona akifanya hivyo Bamburi: aliwaita wote wawili sebuleni, akakabidhi funguo na dipoziti ya mwenzake mbele ya mwenye nyumba, na yule binti akabaki kama mpangaji kamili mwenye mkataba wake.

Na nyinyi wenye nyumba mlioketi nyuma, nimewaona, na nimefurahi mmekuja. Mpangaji akikujia na karatasi mkononi kuomba ruhusa, amekuheshimu. Weka masharti yako: mtu mmoja, asiwe wa siku mbili, nikutane naye, nipate nakala ya kitambulisho. Halafu kubali. Ukimkatalia kwa hasira leo, kesho atamwita mpwa wake, na hutajua nani amelala katika nyumba yako.

Mikataba ya mfano ya Kiswahili iko kwenye meza ya katibu, ya aina zote mbili. Mwenye mkataba wake na anataka kusomewa abaki, nitakaa mpaka wa mwisho. Maswali tuanze na huyo mama mwenye leso ya manjano, yeye alinyoosha mkono tangu kwenye stima.